Shajara ya soketi: tangu harufu ya jikoni mpaka bodi ya breka

Jumamosi usiku

Naanza kuandika leo maana nyaya za nyumba hii zilivutwa miaka mingi kabla sisi hatujahamia na hakuna karatasi hata moja inayosema nini kimepita wapi, nataka kila nitakachogusa kibaki na kumbukumbu.

Ilivyoanza ni hivi. Siku mbili tatu jikoni kulikuwa na harufu kama ya samaki, tukamwaga taka, tukafua matambara, tukasogeza friji tukapiga deki nyuma yake, wapi. Leo jioni mke wangu kachomoa birika la umeme akaniita, "Hebu njoo ushike hii plagi." Nikashika. Plagi nzima ilikuwa ya moto lakini pini moja, ile ya nyutro (njia ya umeme kurudi), ilikuwa haishikiki kabisa, na kwenye soketi tundu la pini hiyo limezungukwa na duara la kahawia saizi ya kifungo cha shati. Nikanusa pale, ndo ile harufu. Plastiki ya soketi ikiungua taratibu hunuka hivyo, sikuwa najua.

Kilichonitisha sio joto, ni kwamba breka, ile swichi ya kwenye bodi inayojikata yenyewe, haijaruka. Siku zote nimeamini kwamba breka ipo kwa kazi hiyo, kitu kikiharibika inaruka, basi. Kumbe soketi inaungua polepole siku tatu na breka imetulia tu. Nimezima breka ya jikoni, nikabandika tepu juu yake na karatasi "USIWASHE", tumechemsha maji kwa gesi.

Jumapili

Nimefungua. Kabla ya kufungua nimezima meni swichi, yaani swichi kuu ya nyumba, sio breka ya jikoni peke yake, halafu nikapima kwa maltimita, kile kipimo cha umeme: kwanza soketi ya sebuleni kabla sijazima ili nijue maltimita inasoma vizuri (volti 229), nikazima, nikapima ya jikoni, sifuri laivu (njia ya umeme kuingia) kwa nyutro, sifuri laivu kwa ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), sifuri nyutro kwa ethi, nikawasha tena kidogo nikapima ya sebuleni kuhakikisha maltimita haijafa katikati, nikazima tena. Inaonekana mambo mengi lakini ni dakika mbili, na betri ya maltimita ikiisha pale pale utasoma sifuri ukaamini umeme haupo.

Ndani: waya wa nyutro umekuwa mweusi kama sentimita tatu hivi kutoka kwenye teminali, ganda lake limekauka linapasuka ukilikunja. Skrubu ya teminali nimeizungusha kwa vidole, bila bisibisi, karibu nusu mzunguko. Yaani ilikuwa imelegea kabisa. Laivu iko sawa, ethi iko sawa kwenye skrubu yake.

Nimekaa nikapiga hesabu maana nilitaka kuelewa kwa nini breka haikuona kitu. Birika ni wati 2200, ukigawa kwa volti 230 unapata ampea 9.6 hivi. Breka inahesabu ampea zinazopita tu, na 9.6 ni matumizi ya kawaida kabisa, haina sababu ya kuruka. Sasa ile sehemu iliyolegea, waya unagusa kwa ncha ncha tu, inakuwa na ukinzani wake, yaani inabania umeme usipite vizuri. Ukinzani hupimwa kwa omu, tuseme hapa ni omu 0.3, kidogo sana. Joto linalotokea pale ni ampea mara ampea mara omu, 9.6 mara 9.6 mara 0.3, karibu wati 28. Hiyo ni sawa na chuma cha kuchomelea risasi kimewashwa ndani ya ukuta wako, kwenye kidoti kidogo kuliko punje ya mchele, kila mkichemsha maji. Joto linatanua waya, ukipoa unasinyaa, skrubu inazidi kulegea, ukinzani unapanda, joto linazidi. Inajilisha yenyewe. Na ukinzani ukipanda ampea zinashuka kidogo, kwa hiyo breka ndo kwanza inaona mambo yamekuwa mazuri.

Nimekata sehemu iliyoungua mpaka nikakuta shaba inayong'aa na ganda laini, ila waya ukabaki mfupi, haufiki kwenye teminali bila kuvutwa. Wengi hapa wangeunyoosha kwa nguvu ukafika. Waya ulionyooshwa utajivuta na kulegea tena, kwa hiyo nimeunga kipande cha waya mpya wa milimita 2.5 za mraba kwa konekta ya klipu ndani ya boksi, na soketi nimeweka mpya, ya zamani hata ikisafishwa zile bamba za ndani zimeshapoteza mkazo wa kushika pini. Waya nimeumenya, nikaukunja mara mbili ndo nikaingiza, skrubu ikapata nyama ya kung'ata. Nikakaza, nikavuta kila waya kwa nguvu mmoja mmoja, nikakaza tena. Mara ya pili karibu zote zilikubali robo mzunguko zaidi.

Birika limechemka mara nne, pini vuguvugu tu.

Jumatatu

Kazini siku nzima ila kichwani kuna swali moja: kama hiyo moja ililegea, zingine je?

Jumatano jioni

Leo ramani. Nilichofanya ni kuchomeka taa ya mezani kwenye soketi moja moja, binti yangu anasimama pale anapiga kelele "imezimika baba!" na mimi niko kwenye bodi nazima breka moja moja, naandika. Soketi 14 jumla. Saa moja na nusu imetosha.

Matokeo yake sijayapenda. Bodi ina breka mbili tu za soketi. Ya kwanza imebeba vyumba vya kulala, soketi 4. Ya pili imebeba jikoni, sebule, korido, na ile ya nje kibarazani, soketi 10. Na hiyo ya pili imeandikwa C32, yaani ampea 32, ya kwanza B20, ampea 20.

Nimeichungulia hiyo 32 kwa tochi. Rangi yake nyeupe zaidi kuliko wenzake, ina maana iliwekwa baadaye. Na waya unaotoka pale ni ule ule wa milimita 2.5, mmoja tu. Milimita 2.5 ukifunga duara, yaani waya unatoka kwenye breka unapita soketi zote halafu unarudi kwenye breka ile ile, hapo 32 inakubalika kwa sababu kila ampea ina njia mbili. Lakini ukiwa waya mmoja unaokwenda bila kurudi, na umepita ndani ya paipu kwenye ukuta usiopitisha hewa vizuri, hapo ni breka ya 20. Ninavyoona mimi, breka ya 20 ilikuwa inaruka ruka, mtu akaitwa, akaweka kubwa zaidi, kuruka kukaisha, wakamshukuru. Breka ikiwa kubwa kuliko waya, waya ndo unakuwa fyuzi, na fyuzi hiyo iko ndani ya ukuta wako.

Sijaigusa. Bodi namuachia fundi mwenye leseni, kwanza sehemu nyingi ndo sheria inavyotaka, na pili nyaya zinazoingia kwenye meni swichi zina umeme hata meni ikiwa imezimwa, hazizimwi na chochote kilichopo ndani ya nyumba. Nimempigia simu, anakuja Jumamosi. Mpaka hapo tumekubaliana birika na pasi haviwashwi pamoja.

Alhamisi usiku, mpaka saa sita

Nimefungua soketi zote zilizobaki, 13. Naandika nilichokuta kadiri ninavyokumbuka, maana mikono imechoka.

Tano zina skrubu zilizolegea. Mbili kati ya hizo zimeshaanza kubadilika rangi kwa ndani, kwa nje huoni kitu. Hizi ni zile za karibu na bodi, na inaleta maana: soketi zimeungwa kwa mnyororo, za mwanzo zinapitisha mzigo wa zote zinazofuata, kwa hiyo hata kama wewe hujachomeka kitu pale, umeme wa birika la jikoni unapita kwenye skrubu zake.

Mbili zimegeuzwa, laivu iko upande wa nyutro. Kila kitu kinawaka kama kawaida ndo maana hakuna aliyegundua. Shida ni kwamba swichi ya soketi inakata upande mmoja tu, na hapo ilikuwa inakata nyutro, ukizima unaona taa imezimika lakini laivu bado imeingia mpaka ndani ya taa, na taa ya kuzungusha ule mzingo wa nje wa holda unakuwa na umeme. Mtu anabadilisha globu amezima swichi, anajua yuko salama. Nimezigeuza.

Ya chumba cha mama ndo imenikalisha. Alikuwa ameshasema wiki kadhaa "hiyo haifanyi kazi mwanangu, achana nayo" akawa anatumia ekstensheni kutoka korido. Nimewasha umeme nikaweka testa ya bisibisi: tundu la laivu inawaka. Tundu la nyutro, inawaka pia! Nimeshasikia watu wakisema "hapa zimeingia laivu mbili" wakaanza kufumua ukuta. Sio laivu mbili. Nyutro imekatika mahali, na soketi inayofuata, kwenye mnyororo huo huo, kulikuwa na chaja imechomekwa, umeme unapita kwenye laivu unaingia kwenye chaja unatoka upande wa pili ukitafuta njia ya kurudi, hauipati, unakaa pale kwenye nyutro unasubiri kidole chako. Nikachomoa chaja, tundu la nyutro likazimika. Mkato wenyewe nimeukuta soketi ya nyuma yake, nyutro mbili zimesokotwa kwa mkono zikafungwa tepu bila konekta, tepu imeyeyuka gundi, zimeachana. Ile testa ndogo inakuambia kuna umeme tu, haikuambii kama njia ya kurudi ipo. Na ikiwa haiwaki usiamini kwamba hakuna umeme.

Na moja ya sebuleni, nyuma ya runinga, ina kijiwaya kifupi cha shaba tupu kutoka teminali ya nyutro kwenda teminali ya ethi. Nimekiangalia muda mrefu. Waya wa ethi haukufika kwenye boksi hilo, kwa hiyo aliyefunga akaazima nyutro. Hata kile kipima soketi chenye taa tatu kingesema iko safi, kwa sababu kinaona kitu kimeunganishwa kwenye ethi na kinasoma vizuri. Lakini piga picha nyutro ile ikatike kama ilivyokatika chumbani kwa mama: umeme unaotafuta njia ya kurudi unapita kwenye kile kijiwaya, unaingia tundu la ethi, unapanda waya wa plagi mpaka kwenye bodi ya chuma ya kifaa chochote kilichochomekwa. Volti 230 kwenye mlango wa friji. Na mwili wa mtu, ampea 0.01 tu inaweza kubana misuli ya mkono ukashindwa kuachia.

Nimekikata kijiwaya. Soketi nimeifunga kwa kifuniko kisicho na matundu mpaka waya wa ethi uvutwe.

Kwa kuwa nilikuwa sakafuni nikakagua na ekstensheni za mama. Ukisoma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye waya utaona saizi, hii imeandikwa 3G0.75, yaani nyaya tatu za milimita 0.75 za mraba, hiyo ni ya taa na redio na chaja. Mama alikuwa anaichomekea hita ya wati 2000 na waya wote umekunjwa umefungwa kamba nyuma ya kitanda, joto halina pa kutokea. Nimeiondoa. Nikamuelezea, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza "Na miaka yote hii?" Sikuwa na la kumjibu.

Jumamosi, na fundi

Fundi ni mtu mzima, anaongea kidogo. Nimempa ramani yangu akaisoma yote kabla hajafungua begi. "Mzee, hiyo thelathini na mbili hapo vipi?" nikamuuliza. Akasema "Subiri kwanza kijana, tuanzie chini."

Chini maana yake nje, kwenye fimbo ya ethi. Akachimbua pembeni ya ukuta, klampu imeota kutu ya kijani, akaigusa ikazunguka. Klampu ya ethi ya nyumba nzima, inazunguka kwa kidole! Akatenganisha, akapima: omu 410. Akabadilisha klampu, akagonga fimbo ya pili mita kadhaa kutoka ya kwanza, akaziunga, akapima tena, 62.

Mimi nikafurahi nikadhani tumemaliza, akanifanyia hesabu kwenye karatasi yangu ile ile. Laivu ikigusa bodi ya chuma ya friji, umeme unakwenda ardhini kupitia hizo omu 62: 230 gawa kwa 62 ni ampea 3.7. Breka ya 20 inaiona 3.7 kama matumizi ya kawaida. Hairuki. Friji linabaki na umeme siku nzima mpaka mtu aliguse. Kwa nyumba ambayo ethi yake ni fimbo tu, breka za kawaida haziwezi kumlinda mtu hata zikiwa mpya, lazima kuwe na ile inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi, RCD, tofauti ikifika miliampea 30 ikate. Bodi yetu haikuwa nayo. Miaka yote.

Ameweka RCD ya miliampea 30 kwa soketi zote. Ile 32 ameitoa. Mzigo wa soketi 10 ameugawa mara mbili, jikoni amevuta waya wake mpya wa 2.5 na breka yake ya 20, sebule na korido na kibaraza zikabaki kwenye waya wa zamani na breka ya 20. Sebuleni ameingiza waya wa ethi kwenye paipu ile ile, ulipita bila shida yoyote, sijui kwa nini yule wa kwanza alishindwa. Mwisho amekaza kila skrubu ya bodi kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, na nyingine tatu zilikuwa zimelegea.

Akawasha. RCD ikaruka hapo hapo.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Nikamwambia labda ni mbovu. Akatikisa kichwa, "Inasema kweli hiyo. Tutafute inachokiona." Tukachomoa kila kitu nyumba nzima, bado inaruka. Akazima breka za soketi zote tatu, ikasimama. Akawasha moja moja, vyumbani sawa, jikoni sawa, sebule na kibaraza, ikaruka. Akatoa kipima uvujaji cha volti 500, umeme umezimwa, akapima laivu kwa ethi kwenye waya huo: megaomu 0.005 (megaomu ni omu milioni). Inatakiwa angalau 1, na waya mzima husoma mamia.

Ilikuwa soketi ya kibarazani. Mimi Alhamisi niliifungua usiku kwa tochi, nikakaza skrubu, nikafunga, nikaandika iko sawa. Fundi akaigeuza mchana, nyuma ya bamba kuna mstari wa chumvichumvi nyeupe na kijani kutoka laivu mpaka ethi, maji ya mvua yanaingia kwa juu yanatiririka humo humo. Akaitenganisha nyaya zake, akapima tena, zaidi ya 200. RCD ikawashwa ikakaa.

Kwa hiyo umeme ulikuwa unavuja ardhini usiku na mchana na hakuna chochote kwenye bodi ya zamani kilichoweza kuuona.

Kabla hajaondoka ametupanga wote mbele ya bodi, mama, mke wangu, watoto, akaonyesha kitufe chenye herufi T. Binti akabonyeza, nyumba ikawa kimya. Akasema kibonyezwe kila baada ya miezi kadhaa, kisipokata mpigieni. Na ikiruka yenyewe msiilazimishe, mchomoe vitu, muwashe, mrudishe kimoja kimoja mpaka mkione kibaya.

Jumatano

Imeruka saa kumi na mbili asubuhi. Nikakuta mama ameshachomoa vitu vyote na anarudisha kimoja kimoja, peke yake. Ni pasi ya zamani. Waya wake pale unapoingia kwenye mkono umepasuka ganda, ukiukunja kushoto unaona shaba. Imetolewa, na waya wake nimeukata kabisa asije mtu akaiokota akaichomeka.

Jumapili, wiki ya pili

Kipimo cha mwisho. Nimewasha hita ya wati 2000 kwenye soketi mpya ya jikoni saa nzima mfululizo. Plagi nyuzi 24 ilipoanza, 33 ilipoisha, pini zote mbili zinalingana. Kule chumbani kwa mama saa nzima, 35. Sebuleni 34. Volti ikiwa na mzigo 224, bila mzigo 229.

Ramani mpya imebandikwa ndani ya mlango wa bodi, kila breka na soketi zake, saizi ya waya, na tarehe ya kubonyeza T. Skrubu za soketi zinazobeba mzigo mkubwa nimejiwekea kuzikagua tena baada ya miezi sita, hasa zile mbili za karibu na bodi.

Iliyobaki ni ya kibarazani. Nyaya zake zimefungwa kwa konekta ndani ya boksi na kifuniko kisichopitisha maji, haina soketi. Itarudi nikipata boksi la nje lenye mlango na mpira, na safari hii waya utaingia kwa chini.